Mtoto wa Kuwekwa

Mwanangu Idrisa,

Hakuna harusi. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazunguka wee mpaka kuche, na hilo lenyewe nitakuwa sijalisema. Binamu yako haolewi wiki hii wala mwezi huu. Tiketi aliyokutumia Mjomba Sefu ni ya kweli, treni ya kesho asubuhi kutoka stesheni ya Gare du Midi, hapa Brussels, mpaka uwanja wa ndege wa Paris ni ya kweli, na ndege ya Bujumbura ni ya kweli. Harusi ndiyo uongo, na uongo huo nimekuambia mimi mama yako, huku nakukunjia mashati.

Umelala chumba cha pili, nasikia unavyokoroma. Nimetoka kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Ganshoren, miguu imevimba, nikajinyoosha kitandani, usingizi ukanikataa, nikaona bora niandike. Sitakuandikia habari za koti na za kula vizuri. Hayo unayajua, na usipoyajua, baridi ya huko China, Lanzhou, itakufundisha kuliko mimi. Nataka kukuambia jambo ambalo hata baba yako aliondoka bila kulijua, kisha utajua kwa nini nilikudanganya. Kunikasirikia una haki, ila soma mpaka mwisho kwanza.

Unakumbuka ile Jumapili uliponisimulia habari za yule Mchina wako wa kale? Ulikuwa umerudi na habari kwamba chuo cha huko kimekukubali kwa utafiti wako wa historia, umekaa hapo mezani, chai imepoa na wewe unaongea tu. Ukasema kulikuwa na ukoo mkubwa mpakani, kaskazini magharibi, kule njia za misafara zinapoingia jangwani. Wana farasi, wana askari wao, wanashika milango ya njia. Mfalme anawaogopa na anawahitaji. Kwa hiyo ili aweze kulala, anawaambia: nileteeni mtoto wenu mmoja akae kwangu. Na wao wanachagua mtoto asiye wa mbele, mtoto wa ndugu, wa pembeni, wanampeleka mji mkuu.

"Maman, écoute, sikiliza," ukaniambia, "huyu muntu ametajwa mstari mmoja tu. Mmoja. Mtoto wa ndugu wa fulani, alikaa mji mkuu, ukoo wake ulipoasi akauawa. Basi. Hakuna aliyeandika kitu juu yake, donc ni wangu."

Halafu ukauliza, hukuniuliza mimi, ulikuwa unajiuliza mwenyewe: kwa nini hakutoroka? Alikuwa na farasi, alikuwa na miaka mingi pale, alijua njia. "Alikuwa bête, mjinga, ama nini?"

Mimi nikainuka nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Nikakupa mgongo. Wewe ukasubiri kidogo, ukasema, "Bon, najua haikuhusu, maman," ukachukua kompyuta yako ukaenda chumbani. Nilitaka kukuita. Sikukuita, baba, na tangu siku ile umekuwa hunisimulii tena kazi yako. Unadhani naidharau, au sitaki uende. Naomba uliondoe hilo moyoni kabla ya yote.

Nilijua kwa nini hakutoroka. Wewe unasoma vitabu ukimtafuta, na mimi nilikuwa nimesimama hapo kwenye sinki na maji yanatiririka, nikimjua kama mtu niliyelala naye chumba kimoja. Habari za Wachina sizijui. Najua habari za mtoto aliyewekwa.

Nyumba ya wajomba zako, pale Bujumbura, unaijua kwa simu tu, kwa hiyo nikueleze. Watu waliiita Nyumba Kubwa. Baba Mkubwa, kaka wa baba yangu, alikuwa ameshika mpaka wa Burundi na Kongo. Hakuwa na cheo chochote cha serikali. Alikuwa na malori, samaki wakavu, vitenge, mafuta ya taa, na alikuwa na watu pande zote mbili. Afisa mpya wa forodha akihamishiwa pale, kabla hajafungua sanduku lake alikuja kwanza kunywa chai kwetu. Serikali zilikuja zikapita, chai ilibaki. Baba yangu alikuwa mdogo wao wa mwisho, na mama yangu, Bibi yako, alikuwa mke wa pili wa huyo mdogo wa mwisho. Sefu alizaliwa kwa mke mkubwa wa baba yangu huyo huyo, akawa kijana wa kuitwa sebuleni. Mimi kwenye picha za ukoo ndio ule mkono unaoonekana pembeni.

Nyumba Kubwa ikitaka kupatana na nyumba nyingine kubwa, hawakuandikiana. Waliweka mtoto. Mtoto anakwenda kukaa kwa wale, anakula kwao, anasoma kwao, wanamwita mwanetu, na ndani ya mapenzi yote hayo kila mtu anajua kwamba neno likivunjwa, mtoto yuko mikononi mwao. Na kuchagua mtoto si kazi ndogo. Akiwa kipenzi mno, nyumba itakataa kumtoa. Akiwa si kitu kabisa, wale wengine watasema tumedharauliwa. Anatakiwa mtoto mwenye jina la ukoo lakini asiye na mtu wa kumlilia kwa sauti. Mimi nilifaa sana.

Niliambiwa naenda harusini Uvira, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Nilishonewa gauni. Mama alinisuka asubuhi ile, akanivuta nywele mpaka machozi yakanitoka, nikamlalamikia, hakunijibu kitu. Nikafikiri amekasirika kwa sababu yeye hakualikwa.

Uvira nikasubiri harusi. Nililitunza lile gauni nisilichafue. Nikaona siku zinapita, hakuna ngoma, hakuna biriani, mpaka nikamwendea mke wa mwenye nyumba, Mama Zena, nikamuuliza bibi harusi atakuja lini. Aliniangalia sana yule mama. Akanisogezea sahani, akasema, "Kula, mwanangu." Akavua kanga yake ya juu akanifunika mabega, na hakukuwa na baridi. Hapo nikajua.

Hawakunitesa. Nisiwasingizie watu. Nilikula nao sinia moja, nilisoma shule moja na binti zao. Lakini mtoto wa kuwekwa anajifunza masomo yake mwenyewe. Nilijua hatua za kila mtu mle ndani, nikisikia tu mlango najua leo mwenye nyumba ameamkaje. Nilijifunza kucheka baada ya wengine kuanza. Nilijifunza kutopeleka mkono kwenye nyama mpaka nione mikono mingine imetangulia. Na kutoroka sikuwahi kufikiria, ingawa mpaka ulikuwa pale pale na njia naijua. Ningetoroka, mimi ndiye ningekuwa nimevunja neno, si wao. Na kuna jambo jingine, la aibu kidogo. Nilikuwa nawasubiri. Kila gari la kwetu likipita nilitoka nje nisimame mahali pa kuonekana, nikidhani kuna mtu atasema, kumbe yule mtoto bado yuko hapa, twende naye. Muulize Mchina wako kama hakuwa anasimama hivyo.

Kisha Baba Mkubwa akavunja neno. Sababu zake sikuzijua na sizijui mpaka leo, mambo ya wakubwa. Alizuia malori ya watu wa Uvira mpakani, na mizigo akaichukua. Alifanya hivyo akijua niko huko. Mwenye nyumba akaniita sebuleni jioni, nikasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Kwenu wanakumbuka kwamba uko hapa?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Wananipenda sana."

Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyechoka. "Basi nenda kalale."

Ya Mchina wako ilikuwa enzi nyingine, Idrisa, yeye walimuua. Mimi walinihamishia jikoni tu. Sinia la familia sikuliona tena, shule nikaachishwa, nikawa mtu wa kuchota maji na kuchambua dagaa. Mama Zena alikuwa akinificha nyama chini ya ugali, na binti zake wakawa hawaniangalii machoni, nadhani kwa haya. Nilikaa hivyo mpaka vita ilipokuja ikazivuruga nyumba zote mbili bila kuuliza ipi ilivunja neno. Niliondoka na waliokuwa wanaondoka. Mwisho wa safari nikajikuta Gare du Midi na begi, nimesimama kando ya ngazi, watu wananipita, na mimi nangoja mtu aniambie nikae wapi.

Sasa kosa langu kubwa ni hili, na limenichosha kuliko kazi zote nilizofanya katika nchi hii. Sikuacha kuwa mtoto wa kuwekwa. Nani alikuwa amenishika hapa Brussels? Hakuna. Nimepewa karatasi, nimepewa kazi, nimezaa. Lakini miaka yote hii nimekaa kama mtu ambaye kuna mahali watu wakigombana, yeye ndiye atakayeadhibiwa. Pale Ganshoren, kwenye ile nyumba ya wazee, mwaka mzima wa kwanza nilikunywa kahawa nimesimama, mpaka mfanyakazi mwenzangu, Maman Clarisse, akachoka na mimi. "Dada, ikala basi," akanisukumia kiti kwa mguu. "Hii kiti hakuna mutu mwenye atakukatalia." Nikakaa, mgongo haukugusa kiti.

Hukuwahi kuuliza kwa nini kuta zetu ni tupu. Baba yako alipigilia msumari mara moja, atundike picha yenu wawili. Aliporudi jioni akakuta nimeung'oa na tundu nimeliziba kwa dawa ya meno, nilikuwa naogopa mwenye nyumba anayetupangisha. Aliushika ule msumari akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe hapa ni mgeni wa nani?" Ningemwambia siku ile haya ninayokuandikia, labda mambo yangekuwa mengine. Nilinyamaza. Nilimnyamazia miaka, na mtu huwezi kuishi na mke anayekuitikia ndiyo kwa kila kitu, unakuwa kama uko peke yako. Alipoamua kuondoka sikugomba. Nilimkunjia nguo. Niliumia, Idrisa, niliumia mpaka nikawa nasikia maumivu ya meno, na sikumwambia hata neno moja, sikumwambia hata baki. Wewe ulidhani simjali. Uliniambia hivyo ukiwa na hasira, na sikukujibu pia.

Basi miezi michache iliyopita Sefu akapiga simu. Nyumba Kubwa imesimama tena, yeye ndiye mkubwa wake sasa. Wanataka kupatana upya na watu wa Uvira, wajukuu wa nyumba ile ile niliyokaa. Na wale wamesema wanataka mtu, kama zamani. Siku hizi hawasemi kuweka mtoto, wanasema ushirikiano, wanasema kijana msomi awaangalizie biashara ya pande zote mbili, akae kwao, aoe kwao. "Wako amesoma," Sefu akaniambia. "Ni damu yetu. Wangu kila mmoja ana kazi yake hapa. Atakaa mwaka, atakaa miwili, China haikimbii."

Unajua nilisema nini? Nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Kwa sababu alianza kwa kuniita dada. Maisha yetu yote alikuwa akiniita "wewe," na siku ile akaniita dada, akasema ukoo unakuhitaji, akasema njoo na wewe ukae na mama yako, amezeeka, anakuulizia. Nikalainika kabisa. Nilikuwa mtu mzima, mvi kichwani, nikasimama tena barabarani nionekane, na gari likasimama. Sefu akasema kijana tusimshtue, tumwambie kuna harusi. Nikasema sawa. Hata hapo sikushtuka, baba. Neno hilo hilo, na sikushtuka.

Nimeshtuka leo jioni. Nilikuwa nakupangia begi, nawe ukachungulia mlangoni ukaniuliza, "Maman, siku yenyewe nivae ipi, hii nyeupe?" Nikaangalia mikono yangu, nilikuwa nalivuta lile shati kwenye kola kwa nguvu mpaka limekunjamana. Ukacheka ukasema litachanika. Nikaelewa kwamba mama yangu, asubuhi ile ya kunisuka, hakuwa amekasirika na mtu.

Ulipoenda kuoga nikampigia Sefu. Nikamwambia Idrisa haji.

"Umeshatoa neno," akasema.

"Nimelitoa mimi. Si lake."

"Watu wamekwisha kukubaliana huku. Unataka nikawaambie nini? Nani atakaa badala yake?"

"Una watoto wa kiume, Sefu."

Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma hukumu, kwamba kuanzia leo kwao nisikanyage. Hata mama yangu akifa, nisikanyage. Akakata simu. Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kufulia nikalia, na bomba la bafu lilikuwa linamwaga maji upande wa pili, hukunisikia.

Nikajipangusa, nikampigia Bibi kupitia kwa msichana anayemtunza. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia, mama, mtoto namzuia, tiketi ya Sefu naichana, atangoja hapa zile wiki mbili mpaka ndege ya chuo, aende China moja kwa moja. Sikufichi, nilitegemea anisifu. Angalau aseme umefanya ambalo mimi sikuweza.

Bibi akasema, "Na yeye umemuuliza?"

"Nimuulize nini, mama? Mimi namwokoa."

"Baba Mkubwa wako naye alisema anatuokoa wote."

Akapumua, unajua anavyopumua sasa, kwa tabu. Akasema, "Siku ulipoondoka swali lilikuwa mdomoni. Nilitaka nikuulize, mwanangu, unataka kwenda? Nikaogopa utasema hutaki." Kisha yule msichana akachukua simu, akasema Bibi amechoka, anataka kulala.

Kwa hiyo sijaichana tiketi. Iko ndani ya pasi yako ya kusafiria, kama ulivyoiweka. Pengine utasema unaenda Bujumbura, umwone Bibi yako angali hai, na hao watu wa Uvira utawaangalia kwa macho yako na kuwajibu kwa mdomo wako. Wewe si mtoto wa kushonewa gauni. Pengine utasema China, na mlango wa kwetu utakuwa umefungwa, na hilo ni langu, nitalibeba mimi, usiliingize kwenye hesabu yako. Pengine utasema jambo ambalo mimi sijalifikiria. Naogopa yote matatu, ndiyo maana naandika badala ya kukuamsha.

Karatasi hii nitaipitisha chini ya mlango wako kabla hakujapambazuka. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hili, kwa hiyo sijui vizuri linavyoulizwa, na ukiona nimeliuliza vibaya nisamehe. Unataka kwenda wapi, Idrisa? Nitakuwa jikoni. Njoo uniambie, na ukisema hutaki, sitakunyamazia.

Mama yako